Unyayo Usiopakwa Hina

Nilifungua mlango nikidhani ni wa choo. Kumbe ndani wamejaa wanawake, mabega wazi, wamemzunguka bibi harusi, na mimi nimesimama kizingitini viatu mkononi kama mwizi wa msikitini. Chumba kizima kikapiga yowe. Mto ukaruka, ukanipata usoni.

"Na huyu naye kaja kupakwa?" akauliza mchora hina, bila kuinua macho kutoka kwenye mguu aliokuwa ameushika.

"Nimepotea, mama."

"Na mvi zote hizo! Unapoteaje ndani ya nyumba?"

Mimi Kombo miguu yangu imenifikisha Lubumbashi, Maskati na Bujumbura, lakini aibu iliningojea Tanga, nyumbani kwa rafiki yangu Salehe, siku ya hina ya binti yake Arafa. Hata hivyo kuganda kwangu pale mlangoni kulinifanya nione mwanzo wa kesi ninayowaletea leo. Isikilizeni vizuri, maana mimi imenishinda.

Wako wanawake watatu. Bi Mwanakheri, mchora hina, kipaji chake ni kumbukumbu: mguu alioushika mara moja hausahau, sura ya mwenye mguu ndiyo anaweza kuisahau. Daktari Ndeshi wa maabara kipaji chake ni jicho: anasoma kipande cha nyama chini ya hadubini kama wewe unavyosoma barua ya mchumba. Daktari Kokugonza wa upasuaji kipaji chake ni mkono: kisu chake kinajua pa kupita, na zaidi ya hapo kinajua pa kusimama. Watatu hao walikuwa hawajuani hata kwa jina.

Basi siku ile Bi Mwanakheri alikuwa amemaliza mguu wa kulia, maua mpaka kwenye kifundo. Akaugeuza wa kushoto. Koni ya hina ikabaki hewani.

"Arafa, doa hili chini ya kisigino nililiona Idi iliyopita. Lilikuwa kama punje ya choroko."

"Si alama tu hiyo, Bibi?"

"Sasa limetambaa. Na rangi zimekuwa mbili. Hapa sipaki."

Mama Arafa akaja juu. "Harusi kesho! Weka ua kubwa, lifunike."

"Nikilifunika, nani ataliona tena?"

"Unamtakia mwanangu mkosi siku ya hina yake?"

"Niite hasidi ukitaka. Sipaki."

Akafunga mkoba wake, akaondoka. Kesho yake Arafa aliolewa mguu mmoja umepambwa, mmoja mtupu. Wageni walicheka, na jina la Bi Mwanakheri likazungushwa mitaani kwa ubaya: hina imemwishia, ana kijicho, amezeeka. Wateja wakampungua. Yeye kila alipokutana na Salehe aliuliza neno moja tu: "Mmeenda?"

Wakaenda. Gari lilikuwa langu, ndiyo maana nami nilikuwepo. Hospitali ilikata kinyama kidogo kwenye doa, kikapelekwa kwa Daktari Ndeshi. Sudi, mume wa Arafa, alikuwa akimsimamia daktari huyo kichwani kila mara. "Daktari, sema tu, ni saratani au si saratani?"

"Ningekuwa na jibu ningekupa."

"Wenzako wanatoa majibu haraka."

"Kawaulize wenzangu."

Uvimbe wa namna ile, wa rangi kwenye unyayo, hauji kwake mara nyingi, na mwanzoni unafanana sana na alama isiyo na neno. Akakata vipande vingine, akavitia rangi upya, akarudi kwenye kiti chake. Mwishowe akatuita.

"Mzee, unataka kuona?" akaniuliza, labda kwa sababu nilikuwa nimenyoosha shingo kama twiga.

Nikaweka jicho. "Nimeiona! Nyeusi, ndefu, imejikunja!"

"Huo ni ukope wako."

Akanisogeza kichwa kidogo, na hapo utani ukaniisha mdomoni. Niliona nchi nzima, mashamba ya waridi na zambarau, imelala ndani ya kipande chembamba kuliko karatasi ya sigara.

"Unaona mstari huu?" akasema taratibu. "Ngozi ya juu inaishia hapa. Seli hizi zimeharibika, ni saratani, lakini zote bado ziko juu ya mstari. Nimetafuta iliyovuka, sijaiona. Zikivuka zinasafiri, na zikisafiri hatuwezi kuzifuata zote."

Nimesimama mbele ya milima na maporomoko ya maji, jamani, nikapiga picha, nikaondoka. Mbele ya mstari ule sikuweza kuondoka. Msichana mzima, na vicheko vyake vyote, anaishi au haishi kwa mstari ambao jicho langu halikuweza hata kuutofautisha na ukope.

Tukapelekwa kwa Daktari Kokugonza. Mama Arafa, aliyekuwa na hofu sasa kuliko hasira, akamwambia, "Ukate mguu wote, mwanangu, tulale usingizi."

"Mama, mguu wote ni rahisi kwangu. Kwake si rahisi."

"Na likibaki?"

"Nitachukua doa na ukingo wake, mpaka Ndeshi aniambie kando ni safi. Halafu nitaziba kwa ngozi ya paja. Mguu wake nauacha, maana hauna kosa."

Ndivyo alivyofanya, akijua wazi kwamba likirudi, lawama yote ni yake. Halikurudi. Arafa alichechemea, akatembea, akacheza ngoma harusini kwa binamu yake. Kisha akajifungua mtoto wa kike.

Na hapo ndipo penye kesi. Arafa aliweka nadhiri akiwa kitandani hospitalini: mwanawe wa kwanza wa kike atabeba jina la aliyemwokoa. Siku ya akika tukakaa.

"Mwanakheri," akasema Salehe. "Asingeona yeye, hao madaktari wangeletewa nini?"

"Ndeshi," akasema Sudi. "Kuona doa si kulijua. Angekosea huku tungelala nalo nyumbani, angekosea kule tungekata mguu bure."

"Kokugonza," akasema Mama Arafa. "Kuliona na kulijua hakukuliondoa. Lilikuwa bado palepale mpaka yeye alipolitoa."

"Kokugonza Sudi?" nikasema. "Jina la bara kwa mtoto wa Tanga?"

"Nyamaza wewe, mtu wa vyoo," akanikatiza Mama Arafa.

"Basi mpeni yote matatu."

"Nadhiri yangu ilikuwa jina moja, Ami," akasema Arafa, mtoto kifuani. "Wewe ulikuwepo mlangoni, na ulikuwepo kwenye hadubini. Amua."

Macho yote yakanigeukia. Nikaomba kuelekezwa choo, safari hii kwa uhakika.

Basi nawaachia ninyi. Mmoja alilikumbuka, mmoja akalitambua, mmoja akaling'oa, na kila mmoja aliweka rehani jina lake. Ukimtoa yeyote, Arafa hayupo, wala mtoto wa kupewa jina. Je, wewe ungeamua vipi?

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, nikamalizia kwa swali hilohilo. Akanitazama kuanzia mvi mpaka nyayoni.

"Mimi naamua uvue soksi."