Shamba la Mtoni na Mwenye Shamba

Niazimeni masikio yenu, nitawarudishia yakiwa yamejaa. Jibu sitawapa, maana sina. Ningekuwa nalo nisingewasumbua.

Palikuwa na mzee mmoja huko Rungwe, kwenye chai na migomba, ambako mvua haiombi ruhusa. Jina lake Ambakisye. Mkewe, Tusajigwe, alikwisha kufa, akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na jiko alilopikia maisha yake yote. Mzee akabaki na watoto watatu na shamba la mtoni, lenye udongo mweusi ambao hata ukichomeka fimbo inachipua. Kisha akili ikaanza kumtoroka. Haikuondoka yote kwa mara moja. Ilikuwa inakwenda na kurudi, kama redio yenye betri za kuanika juani.

Watoto wake walikuwa na vipaji, na mzee alivijua kabla wenyewe hawajavijua.

Subilaga, binti wa kwanza, alikuwa na macho. Alipokuwa mdogo, kuku wa jirani akijichanganya na wa kwao, ni yeye aliyemwona. Alipokua akaenda Mbeya kuuza vitambaa, na hakuna aliyeweza kumbadilishia rangi akasema ni ileile.

Lwitiko, wa pili, alikuwa na ramani. Kazi yake ilikuwa Dar es Salaam, kwenye kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Ukimpa postikodi, zile tarakimu tano zilizogawiwa kwa kila kata, anaingia kwenye ramani za mtandaoni na kukurudishia namba mbili, latitudo na longitudo, moja ya kusini mwa ikweta na nyingine ya mashariki, pamoja na kinukta chekundu cha kumwonyesha dereva pa kwenda.

Gwakisa, kitinda mimba, alikuwa na miguu na mdomo. Miguu yake ilikuwa pikipiki, na mdomo wake haukuwahi kumwogopa mtu. Huyu hakwenda popote. Alijenga jirani na baba yake, akaachiwa kazi ya kumwangalia.

Asubuhi moja mzee aliamka akakumbuka kwamba Tusajigwe hana chumvi. Akavaa kofia, akatoka kwenda dukani. Gwakisa alikuwa amelala. Lori la ndizi likampa mzee lifti; dereva aliambiwa "naenda dukani" na hakuuliza duka gani. Likamshusha ng'ambo ya mlima, wilaya nyingine kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia jina la mkewe.

Watoto walisikitika. Walisikitika kwa simu. Subilaga alilia mpaka chaji ikaisha. Lwitiko alisema kazini wamembana. Gwakisa alisema pikipiki ni mgonjwa, na kweli ilikuwa mgonjwa, akaiegemeza ukutani. Siku zikapita hivyo, hadi mdogo wake mzee, Asajile, alipochoka kusikia vilio, akatangaza kwa ukoo wote: "Atakayemleta kaka yangu, shamba la mtoni ni lake."

Alikuwa bado anaendelea kusema, lakini hakuna aliyemsubiri amalize. Pikipiki ikapona siku ileile.

Basi mzee akapatikana, akarudishwa, na kikao kikaitwa nyumbani kwake. Wakamkalisha kwenye kiti karibu na ukuta, wakamfunika blanketi mabegani, kisha wakaanza kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba kiti kiko kitupu. Walikwisha kuzoea. Kwa bahati mbaya, siku hiyo redio ya kichwani mwake ilikuwa inakamata vizuri kabisa.

Akasimama Subilaga.

"Mimi ndiye niliyemwona. Picha ilikuja kwenye kundi letu la wauza vitambaa. Ilikuwa imepita simu nyingi, hata maneno yaliyoondoka nayo yalibaki njiani. Hakuna jina, hakuna namba ya kupiga, ni mzee tu kakaa barazani. Wenzangu waliona mzee. Mimi nikaona kibao cha anwani ukutani nyuma yake. Namba ya nyumba ameiziba kwa kofia, jina la barabara limefutwa na mvua. Nikaivuta picha, nikaivuta, mpaka nikazisoma zile tarakimu tano. Bila macho yangu mngekuwa mnatangaza redioni mpaka leo."

Hakusema kwamba picha ile ilikuwa imelala kwenye simu yake tangu kabla shamba halijatajwa. Mzee hakulijua hilo. Mimi nalijua, na sasa nanyi mnalijua.

Akasimama Lwitiko.

"Dada alinitumia tarakimu tano. Ninyi mngezifanyia nini, mngezipika? Nikaziingiza kwenye ramani ya kwanza, ikanirusha Ulaya, kwenye mji wenye theluji, maana huko nako wana postikodi za tarakimu tano. Nikaongeza jina la nchi. Ramani moja ikaniwekea kinukta kwenye msitu wa mipaina, nyingine ikaniwekea bondeni, mbali na pale. Mtu mwingine angechagua moja akaapa nayo. Mimi najua postikodi yetu si ya nyumba, ni ya kata nzima. Ramani isipoijua nyumba inachomeka kinukta katikati kabisa ya kata, hata kama katikati yenyewe ni shimo. Nikaangalia mipaka ya kata, nikamtumia Gwakisa namba za kuanzia na duara la kuzunguka. Nikamwambia, usivuke pale. Bila mimi mngemtafuta baba kwenye theluji."

Watu wakacheka. Mzee naye alitaka kucheka, akajizuia. Mtu asiyekuwepo hacheki.

Akasimama Gwakisa, akakunja suruali kuonyesha goti lililochunika.

"Kinukta! Mimi nimefika kwenye hicho kinukta. Kuna mipaina na ngedere. Simu inaniambia nimefika, nimefika kwa nani? Nikaanza kuuliza. Kanisani, kilabuni, mashine ya kusaga, kisimani kwa akina mama. 'Mmemwona mzee mrefu anayemwita kila mwanamke Tusajigwe?' Nimenyeshewa, nimeanguka, nimekimbizwa na mbwa. Nyumba kwa nyumba, mpaka nikamkuta barazani kwa mama huyu hapa. Ninyi wawili mmegusa simu. Baba kaguswa na nani?"

Mama aliyeonyeshwa kwa kidole alikuwa ameketi mlangoni, mkoba wake mapajani. Aliitwa Mama Chaula, mjane, mshonaji. Ndiye aliyemwokota mzee sokoni, akampiga ile picha na kuituma. Alikuja kwa sababu mzee asingeweza kukaa peke yake juu ya pikipiki. Ilibidi mtu amshike kwa nyuma njia nzima.

Wazee wa ukoo wakaanza kupima. Mmoja alisema macho ndiyo mwanzo, bila mwanzo hakuna mwisho. Mwingine alisema ramani, kwa kuwa tarakimu bila mahali ni kelele tu. Wa tatu alisema miguu, maana baba hakuja kwa simu. Watoto wakadakia, wakapandishiana sauti, Subilaga akamwita Gwakisa mvivu, Gwakisa akamwita dada yake mpenda vya dezo.

Na mzee pale ukutani alifurahi. Niwaambie ukweli, alifurahi sana. Wanawe wote watatu walikuwa wakimgombania mbele ya ukoo, kila mmoja anasema baba ni wangu, nimempata mimi. Ni baba gani asiyetaka kugombaniwa? Alisikia joto kifuani ambalo hakulisikia tangu mkewe alipowekwa ardhini.

Ndipo Asajile akainua mkono.

"Mmesema vizuri wote. Sasa nimalizie neno langu, maana mlinikimbia kabla halijaisha. Shamba na mwenye shamba haviachani. Atakayelichukua anahamia humu ndani. Atamwogesha kaka yangu, atamlisha, atamfuata kila atokapo, mpaka siku tutakapomlaza hapo nyuma kando ya mkewe. Haya, semeni tena. Aliyemleta ni nani?"

Watoto wote watatu wakaketi.

Subilaga akakohoa. "Baba mdogo, tusidanganyane. Mimi niliona picha tu. Mwenye macho haambiwi tazama, yeyote angeona. Kazi aliifanya Lwitiko."

"Dada ananikweza bure," akasema Lwitiko. "Mimi nilipata kata. Kata si mtu. Na kinukta chenyewe kilikosea, mmesikia, mipaina na ngedere. Aliyempata baba ni Gwakisa, tumpe mwenzetu haki yake."

Gwakisa akaishusha suruali ikafunika goti. "Jamani, mimi nilitumwa! Nimepewa namba, nimezifuata. Tena ni mimi niliyempoteza, wote mnajua. Mtu aliyempoteza baba, mmkabidhi tena baba?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini huu haukuwa wa mwenzio, ulikuwa wao, na uliketi pale ukutani na blanketi mabegani. Mzee aliomba kimoyomoyo redio izimike. Siku zote huzimika bila kuombwa, inamkatia hata jina lake katikati ya sentensi. Siku hiyo ilikataa. Alisikia kila neno, na kila neno lilikuwa na sauti ya mtoto aliyembeba mgongoni.

"Samahanini," akasema Mama Chaula. "Mimi ni mgeni, na mgeni hana neno. Shamba silitaki, siwezi kulima kwenye ukoo wa watu. Ila kama mzee hana mwenyewe, nitarudi naye."

Subilaga akashtuka. "Nani kasema hana mwenyewe?"

"Sijui, dada yangu. Labda nimesikia vibaya." Mama Chaula hakupandisha sauti. "Kwangu ana kazi. Nikishona, yeye ananikatia nyuzi, na hakati vibaya. Akiniita Tusajigwe, naitika. Hainipunguzii kitu."

Asajile akamgeukia. "Na akifa?"

"Nitamzika, baba."

"Wapi?"

"Kwetu. Mimi ni mwanamke peke yangu, siwezi kumvusha mlima akiwa maiti."

Wazee wakanong'ona. Mzee wa ukoo atoke nyumbani kwake na mwanamke wa kuokotana naye sokoni? Akazikwe ugenini, mkewe abaki hapa peke yake? Watu watasemaje? "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," akasema mmoja wao, kwa sauti ya kufunga mjadala. Wazaliwa wenyewe walikuwa wakitazama sakafu.

Asajile akavuta kigoda, akaketi mbele ya kaka yake, akamshika magoti.

"Kaka. Kama unanisikia, tusaidie. Nani amekuleta nyumbani? Ukae na nani?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Mzee Ambakisye alikuwepo. Alikuwepo kuliko mtu yeyote chumbani mle. Alijua kwamba akimtaja Mama Chaula, atakula kwa amani na kuzikwa mbali na mkewe, na wanawe watatembea na aibu hiyo kijijini siku zote. Alijua kwamba akimtaja mmoja wa wanawe, atalala karibu na mkewe, lakini kabla ya kulala huko ataishi kwa mtu aliyemkana mbele ya macho yake. Akamtazama Subilaga. Akamtazama Lwitiko. Akamtazama Gwakisa. Majina yote matatu alikuwa nayo mdomoni, aliwapa yeye mwenyewe. Mama Chaula alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni kwa ajili ya safari, kwenda naye au kwenda bila yeye.

Mzee akanyoosha mkono, akamgusa Gwakisa shavuni.

"Kijana," akamuuliza kwa upole, "wewe mtoto wa nani?"

Chumba kizima kikashusha pumzi. "Maskini, hayupo," wakasema. Gwakisa akageuka ukutani. Subilaga akafuta machozi, na sijui yalikuwa ya uchungu au ya kupata nafuu. Lwitiko akatazama simu yake. Asajile peke yake ndiye aliyeendelea kuyashika yale magoti, kwa sababu yalikuwa yakitetemeka.

Kikao hicho hakijafungwa, wananisubiri niwapelekee maneno yenu. Haya basi. Bila macho ya Subilaga, tarakimu zile zisingesomwa. Bila ramani ya Lwitiko, zisingekuwa mahali. Bila miguu ya Gwakisa, mahali pale pasingekuwa na mtu. Na bila baraza ya Mama Chaula, ambaye hakuwa akimtafuta mzee wala hakuahidiwa kitu, wangekuta maiti njiani. Shamba apewe nani? Mzee apewe nani? Na katika viwili hivyo, zawadi ni ipi?

Je, wewe ungeamua vipi? Sema usiogope, lakini sema taratibu. Mzee yupo, na anasikia.