Nondo wa Bawa la Njano

Wapendwa, fungeni vitabu kwanza, nina mama mmoja wa kuwaonyesha. Aliishi milimani, kule ambako mwezi wa sita unavaa sweta mbili na bado unajikunja. Aliolewa akitokea ng'ambo ya mlima, na tangu siku aliyofika na begi lake wenyeji walimpa jina moja: wale wa ng'ambo. Kisa? Zamani watu wawili wa ng'ambo waliiba ng'ombe pale kijijini. Wawili tu! Miaka ishirini na saba mama huyo amepika kwenye misiba yao, amewauguza wagonjwa wao, na bado kuku akipotea anatazamwa yeye.

Mwaka mmoja viwavi wakala mahindi ya kijiji jirani, yakabaki mabua. Hofu ikaingia. Kikao kikaamua kila shamba litundikwe ndoo ya mtego, nondo wanaotaga mayai ya viwavi wanaswe humo, na asubuhi wahesabiwe. Wakifika thelathini, shamba linapulizwa dawa. Anayekataa, mahindi yake yanang'olewa na kuchomwa moto.

Sasa sikieni walivyohesabu. Watu wale waliamini kwamba vumbi la nondo likikuingia jichoni unapofuka, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuwagusa. Walimwaga ndoo juu ya gunia, wakasimama mbali, wakawatenga kwa kijiti kirefu. Wa kahawia mmoja, wa kahawia wawili, basi, kazi imekwisha.

Ndoo ya yule mama ikatoa arobaini na mmoja.

Mwenyekiti akaja na wanaume wanne, pampu mgongoni. Mama alikuwa anapalilia. Pembeni mwa shamba alikuwa na mizinga sita ya nyuki, na maharage aliyopanda katikati ya mahindi yalikuwa yametoa maua, nyuki wamejaa tele. Dawa ikipulizwa saa ile, nyuki wote wanakufa, na asali ndiyo iliyokuwa ikimlisha tangu afiwe na mumewe. Aliogopa, sitawaficha. Lakini alikwenda akasimama kwenye mpaka wa shamba, jembe mkononi, akawaambia hapiti mtu.

Mwenyekiti alimsihi kwa upole, maana alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Alisema kijiji hakiwezi kufa njaa kwa ajili ya mizinga sita. Mama akamweleza kwamba nondo wa kwenye ndoo yake si waharibifu, viwavi wao wanakula nyasi za mlimani tu, na yeye anawajua tangu utoto wake.

"Shemeji, nondo ni nondo," akasema mwenyekiti. "Wote ni wale wale."

Loo, hapo alitonesha kidonda. Mama alilitupa jembe chini.

"Wale wale? Miaka ishirini na saba nalisikia neno hilo, na leo limenifika hapa," akagusa shingo. "Lete ndoo yangu. Na yako ilete, shemeji."

Mwenyekiti akacheka. Ndoo yake ilikuwa na nondo kumi na tisa tu, shamba lake halina neno. Akaagiza ziletwe zote mbili ili yaishe.

Mama akakaa chini, akamshika nondo mmoja kwa vidole vitupu. Wanaume wakarudi nyuma. Nondo yule akitulia, mabawa ya juu huyafunika ya chini, na kwa juu wote ni kahawia yenye madoa, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Mama akainua bawa la juu kwa ukucha. Chini yake, njano kama kiini cha yai. Akamshika wa pili, njano. Akaenda hivyo mpaka wa arobaini na mmoja, njano. Akavuta ndoo ya mwenyekiti, akainua bawa la kwanza. Jeupe. La pili, jeupe. Wote kumi na tisa, weupe.

"Hawa weupe ndio waliomaliza mahindi ya jirani," akasema. "Nenda kafunue majani machanga katikati ya mahindi yako."

Wakaenda, wakafunua. Viwavi wadogo walikuwa wameshaanza kutafuna, kwenye shamba lililoitwa salama. Mwenyekiti akauliza kwa nini shemeji yake hakusema mapema.

"Nilinyoosha mkono kwenye kikao, mara tatu," akasema mama. "Wewe ndiye uliyeniambia wa ng'ambo wasubiri wenyeji wamalize."

Mnatikisa vichwa. Mnamsikitikia mwenyekiti, au mnamcheka? Basi geukeni nyuma, geukeni tu. Benchi la mwisho kuna familia iliyohamia kwetu kutoka kule bondeni. Tangu Pasaka wanakaa pale, na tangu Pasaka kushoto kwao ni patupu na kulia kwao ni patupu. Kuna aliyewauliza majina? Nani ameingia kwao, akaona wanakula nini, wanaomba nini? Sisi tumewahesabu kwa kijiti kirefu, tukasema watu wa bondeni tunawajua. Na mimi mchungaji wenu kijiti hicho nimekishika, maana nimewapungia mkono kutoka hapa mbele miezi mitatu, sijawahi kufika pale.

Leo nimekivunja. Nimeambiwa wapo watakaonuna, na wapo watakaohama kanisa. Wahame. Mungu hakutuumba sisi kwa kututazama kwa juu, wala hatatuhukumu hivyo. Mahubiri yaliyobaki nitayamalizia kule nyuma, nikiwa nimekaa nao. Nashuka sasa hivi. Anayeogopa vumbi abaki huku mbele.