Nyumba Isiyo na Mita

Wewe, jana uliandika jina lako wapi? Getini? Kwa wakala wa simu? Zahanati? Na ile karatasi sasa hivi anayo nani? Hujui. Basi kaa nikuhadithie, halafu utanijibu.

Hapo zamani, zamani ya bando lako la juzi tu, kulikuwa na nchi moja, jina lake kausha, usiniulize. Nchi ilikuwa na Bunge, Bunge lilikuwa na Kamati ya Kanuni, na kamati ilikuwa na kazi moja: kila kanuni anayotunga Waziri, waipekue kabla haijaanza kutumika. Kupekua, yaani kusoma. My friend, kusoma tu! Mimi na digrii yangu ningeifanya kwa nauli, lakini tuache.

Katika nchi hiyo alikuwepo mama mmoja, Nyamizi. Alimkimbia mumewe, Masanyiwa, aliyemvunja mkono mara mbili, mkono uleule. Akahamia mji wa mbali na mwanawe Kulwa, na hata mama yake mzazi hakumwambia ni wapi. Lakini Kulwa ana selimundu, maradhi ya damu, na kliniki haitoi dawa bila anwani. Nyamizi akamuuliza nesi, "Dada, hii anwani inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inakaa humu humu."

Nesi hakudanganya. Siku ile ilikuwa kweli. Shika hiyo.

Mwaka uliofuata Waziri akaleta kanuni za, ngoja nivae tai kwanza, data sharing framework. Kifungu cha kumi na tisa kilisema kliniki zitapeleka taarifa za watu idara ya elimu, idara ya pembejeo, "na taasisi nyingine yoyote itakayofaa." Maneno matano. Itakayofaa kwa nani? Ndiyo hapo sasa.

Siku ya kupekua ikafika. Wajumbe wa kamati ni kumi na mmoja, akidi ni watano, yaani wakipungua hapo hakuna kikao. Waliokuja walikuwa watano kamili, ila sambusa zililetwa za watu kumi na mmoja. Shika na hiyo.

Mheshimiwa Akwilina alikuwa amesoma. Kurasa zote themanini, kalamu nyekundu mkononi. Akasema, "Mwenyekiti, hii itakayofaa ni ipi? Hata mgambo wa sokoni anafaa humu!"

Bwana Sichalwe, afisa wa kompyuta wa wizara, akasimama. "Mheshimiwa, with due respect, sistimu inaandika kila anayefungua taarifa za mtu. Jina lake, ofisi yake, saa aliyofungua. Hakuna wa kujificha."

"Na hiyo orodha anaisoma nani?"

"Hilo ni la utaratibu, Mheshimiwa. Utaratibu unakuja."

Mheshimiwa Mdoe akaweka sambusa chini. "Jamani, dada Akwilina! Jimboni kwangu wazee wanazunguka ofisi tano kuthibitisha kwamba wako hai. Mtu kasimama pale, anapumua, anaambiwa alete barua kuwa anapumua! Hizi kanuni zinawaondolea adha hiyo. Tupitishe, tukaendelee na mengine."

Karani wa kamati akamwinamia Akwilina sikioni. "Mheshimiwa, ukitoka sasa hivi akidi imevunjika. Kanuni zinarudi kwa Waziri."

"Nitoke kama mwizi? Mimi nataka hapana yangu iandikwe."

Akabaki.

Mwenyekiti akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

"Hapana!" Sauti moja.

"Nadhani walioafiki wameshinda."

Watu wanne kwa mmoja, na bado anadhani.

Miezi mitatu haikuisha. Saa sita mchana, jua la utosini, Nyamizi akasikia hodi mlangoni. "Idara ya maji hapa! Nimekuja kusoma mita."

Nyumba ile haikuwa na mita. Haikuwa hata na bomba. Maji walichota kwa jirani. Na sauti ile Nyamizi aliijua, maana aliishi nayo miaka sita. Masanyiwa alikuwa mwajiriwa wa idara ya maji, dawati la wateja. Taasisi inayofaa, si ndiyo?

Nyamizi akamkwapua mtoto, akatokea mlango wa uani, ndala moja mguuni. Dawa za Kulwa zikabaki juu ya kabati. Leo anakaa mahali ambapo sitapataja, na Kulwa hana dawa, kwa sababu dawa inataka anwani. Akitoa anwani, hodi itapigwa tena. Asipoitoa, mtoto analia miguu inauma mpaka sauti inakauka.

Ndipo akaenda mwenyewe mbele ya kamati, mtoto mgongoni.

"Msinitajie Masanyiwa," akasema. "Huyo kesi yake iko mahakamani na yeye yuko nje kwa dhamana. Mimi nauliza ufunguo alipewa na nani. Aliyempa, taarifa zake zitundikwe kila ofisi ya nchi hii. Nyumba yake, maradhi yake, shule ya wanawe, saa anayorudi nyumbani. Zikae hapo mpaka mwanangu apate dawa bila mimi kuogopa hodi."

Mwenyekiti, kamera zikimwangalia, akasema ni haki. Wee! Sura zikabadilika.

Mdoe akawahi. "Si mimi! Nilisema ndiyo kwa ajili ya wazee, na wazee leo hawazunguki tena, nendeni mkawaulize. Vifungu mimi sikusoma. Waliosoma walikuwepo, wangenizuia."

Sichalwe akatoa karatasi. "Si mimi. Niliahidi sistimu itaandika, na imeandika. Hii hapa: Masanyiwa, dawati la wateja. Kafungua jina la mama huyu mara kumi na saba kabla hajasafiri. Kazi ya kuisoma orodha sikupewa."

"Mara kumi na saba," Nyamizi akasema. "Na unanionyesha kama cheti."

Akwilina akainuka. "Si mimi jamani! Katika chumba kile nilisema hapana peke yangu. Imeandikwa!"

Mdoe akacheka. "Imeandikwa, ndiyo. Na kiti chako ndicho kilichotutimiza watano, dada yangu. Mimi sikujua. Wewe ulisoma, ukajua, ukaambiwa mlango ule pale, karani kanisimulia, ukakaa."

Akwilina akarudi kwenye kiti chake.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote, niambie. Mdoe alipitisha asichokisoma, na wazee wake wamepumzika kweli. Sichalwe alijenga daftari la kweli tupu, lisilo na msomaji. Akwilina alikataa kwa sauti na kutimiza akidi kwa makalio. Taarifa za mmoja lazima zitundikwe. Je, nani alistahili?

Bishaneni. Lakini nyie wa kamati, nyie hamna ruhusa ya kubishana, Kulwa anaumwa. Zitoeni taarifa za Nyamizi kwenye kompyuta za idara ya maji, mtoto apewe dawa yake bila kuulizwa anakaa wapi, na yale maneno matano myafute. Leo. Kabla ya chai.