Chungu Kisichoenea Jikoni

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Anayeutazama mtungi kwa nje husifu nakshi zake. Kata ndiyo inayofika ndani ikajua kama maji ni matamu au yana tope. Hayo yalimfika Macaria, bibi mmoja wa milimani Guatemala.

Shirika fulani liligawa majiko yenye dohani kijijini kwake, ili moshi usiwaumize watu. Baadaye likamtuma binti aitwaye Odilia kupima kama yamesaidia. Kila nyumba ilitoa jibu moja: jiko zuri, Mungu awabariki. Macaria naye alisema hivyo hivyo, ingawa mjukuu wake Lencho alikuwa akikohoa nyuma ya pazia. Kwao zawadi haitiwi kasoro mbele ya aliyeileta. Tena alihofia kwamba ukweli ukijulikana majiko yatang'olewa. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Basi mama, kesho nikusaidie kupika mahindi," Odilia akasema, baada ya kusikia kikohozi kile.

"Utachafuka bure, mgeni wangu."

"Mimi nimekulia masizini, mama. Usinibanie."

Mgeni hakataliwi. Alfajiri Macaria akamwongoza, kwa aibu, hadi kibanda cha nyuma, ambako mafiga matatu yalibeba chungu kikubwa cha mahindi yaliyotiwa chokaa ili maganda yatoke. Kwenye jiko la msaada chungu kile hakikuenea. Tundu lake lilifaa kahawa na maharagwe tu. Moshi ulitanda, na Lencho alikuwa humo humo, mgongoni mwa bibi yake. Odilia alikoroga mpaka machozi yakamchuruzika.

"Usiwaambie waliokutuma, mwanangu," Macaria akamsihi. "Watasema hatuna shukrani."

"Nilitumwa kupima moshi, mama. Shukrani nimeshazisikia kijiji kizima."

Akawaambia. Macaria alikaa roho juu kwa wiki kadhaa, akimlaani Odilia kimoyomoyo, mpaka fundi alipofika na matofali. Hakung'oa kitu. Aliongeza meko mapana ya chini, saizi ya chungu cha mahindi, yaliyounganishwa na dohani ile ile. Mafiga yakapoa, na kikohozi cha Lencho kikapungua hadi kikaisha.

Odilia aliporudi, Macaria alimshika mikono yote miwili.

"Shukrani ile ya kwanza ilikuwa ya adabu," alisema. "Hii inatoka moyoni. Mjukuu wangu anapumua, binti yangu, na wewe ndiye uliyekubali kulia na moshi wetu."

Waliouliza mlangoni waliambiwa jiko ni zuri. Aliyeingia akakoroga ndiye aliyejua. Kweli, siri ya mtungi aijuaye kata.