Kipande cha Kwanza cha Keki ya Irakoze

Sogeeni karibu, nina kesi imenishinda. Nimehangaika nayo tangu Jumamosi, na wenzangu wa ofisini wamekataa kunisaidia.

Chuoni kwetu Dodoma tuna walimu watatu wanaofundisha wanafunzi wa kigeni Kiingereza cha kitaaluma, kile cha kusomea makala na kuandikia tasnifu. Mwalimu Kissa, aliyeanza kazi mwaka huu, kipaji chake ni kusoma. Mzee Byabato ni fundi wa kuandika, na kalamu yake nyekundu imeliza watu wazima. Bi Mwanakheri, mtu wa Tanga, ni wa kuongea. Ukikaa naye utajikuta umesema hata usiyotaka.

Akaja Irakoze kutoka Ngozi, kule Burundi. Alisoma kwa Kifaransa maisha yake yote, na sasa alitakiwa kutetea pendekezo lake la utafiti wa kahawa kwa Kiingereza mbele ya jopo. Akishindwa, ufadhili unakatwa, anarudi nyumbani.

Kissa alimkuta maktaba akitafsiri neno moja moja huku machozi yanamtoka. Akaifunga ile kamusi. "Dada, achana na maneno kwanza. Huyu mwandishi anabishana na nani?" Wakasoma hivyo muhula mzima, bega kwa bega, mpaka Irakoze akawa anasoma peke yake na kucheka.

Byabato ndiye aliyeona kasoro nyingine: kila mwandishi, binti alimsifu.

"Mbona humpingi hata mmoja?"

"Ni maprofesa, Mwalimu. Mimi nani niwapinge?"

"Wewe umekulia kwenye kahawa, wao wameisoma tu. Andika upya."

Akamrudishia kazi, akamrudishia tena, hadi Irakoze akamchukia kweli. Mwishowe aliandika, kwa adabu zote, kwamba profesa fulani amekosea, na akaeleza kwa nini. Byabato akaandika pembeni: Sawa. Kwa Byabato hiyo ni shangwe.

Wiki ya jopo ilipokaribia, woga ukamshika Irakoze. Mbele ya watu Kiingereza chote kinamtoroka. Akafunga begi. Bi Mwanakheri akaenda bwenini, akalibeba begi lenyewe hadi kwake, akamkalisha Irakoze jikoni. "Hapa mwanangu hatuli mpaka unieleze hiyo kahawa yako kwa Kiingereza. Mimi nakaanga, we sema." Jioni zikapita hivyo, anamenya vitunguu huku anahojiwa. Siku ya jopo alijibu kana kwamba anaongea na shangazi yake.

Akapita. Jumamosi tukafanya sherehe, na ilipofika zamu ya keki, mshereheshaji akatangaza: "Kipande cha kwanza kwa mwalimu aliyekufikisha hapa. Mmoja tu, usitupige chenga."

Kissa akatazama chini. Irakoze ni mwanafunzi wake wa kwanza kabisa. Byabato anastaafu mwezi huu, na miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumlisha keki. Siku hiyo alikuja amevaa tai. Bi Mwanakheri alikuwa akisema yeye keki hali, ana sukari, lakini ndiye aliyesimama karibu na meza kuliko wote.

Nawapenda wote watatu, ndiyo maana nimeshindwa. Aliyelishwa simtaji. Haya, shika wewe huo uma wenye keki, na watatu hao wanakutazama. Ungemlisha nani kwanza, na wale wawili ungewatazama vipi usoni?