Wakaaji wa Kilemba cha Sultani Badawi

Hapo zamani, katika mji wa Mkunguni, alikuwako sultani aitwaye Badawi, mtu ambaye tumbo lake lilitangulia na akili ikaja nyuma ikichechemea. Mimi nimetembea miji mingi, nikafukuzwa katika mingi ya hiyo, lakini habari za kiburi kama kile sijapata kuzisikia.

Ilikuwa desturi ya mji ule kwamba kilemba cha sultani, akishavikwa siku ya kutawazwa, hakifuliwi mpaka afe, kwani maji yalisemekana kuondoa baraka. Siku za sherehe watu walimrushia mtama kichwani kumwombea neema, na kila asubuhi mtumishi alikinyunyizia kilemba marashi, ili baraka zisinuke. Tena palikuwa na desturi ya pili: mtu akipewa kazi na sultani, ana haki ya kuazima kitu kimoja cha jumbani cha kumsaidia, wala hanyimwi.

Basi nyuma ya jumba palikuwa na kibanda cha Mbaruku, fukara asiye na kitu ila mke na mdomo. Sultani alikitamani kiwanja kile ajenge banda la farasi wake. Farasi mwenyewe alikuwa mmoja, tena kipofu.

Ikawa siku moja mwanachuoni mgeni akafika barazani, akaeleza kwamba viumbe hai wamegawanyika katika himaya: wanyama, ambao huhangaika kutafuta chakula, mimea, ambayo hujitengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua, kuvu, ambao hujilisha vilivyooza, na wale wadogo wasioonekana kwa jicho, wanaochachusha maziwa na kuozesha nyama. "Na wote hao, ewe Sultani, hula, hupumua, hukua, huzaana, hutoa taka na huhisi."

"Himaya zote hizo ni zangu!" akanguruma Sultani.

"Ni zako, bwana," akaitikia Waziri Nasibu, "hata hao kuvu."

Hapo Sultani akakumbuka kile kiwanja, akaamuru Mbaruku aletwe.

"Ewe Mbaruku, nataka unikusanyie himaya zote za viumbe hai katika sinia moja, wote wazima, hapa mbele yangu. Ukishindwa, uhame kufikia Ijumaa."

"Na nikiweza, bwana?"

"Kibanda ni chako, na cha wajukuu zako. Watu wote hawa ni mashahidi." Akamkonyeza waziri.

Mbaruku akarudi nyumbani, akamkuta mkewe Mwanamvua akifunga mizigo huku analia.

"Tutalala wapi, mume wangu? Mvua ndiyo hiyo inakuja!"

"Fungua mizigo, mke wangu. Nipe lile sinia la pilau."

"Pilau! Sinia lenyewe limekwisha sahau harufu yake."

Alhamisi Mbaruku akaingia barazani na sinia tupu. Watu wakacheka, na Sultani akacheka kuliko wote, mpaka tumbo likagonga magoti ya waziri.

"Himaya ziko wapi, mpumbavu wewe?"

"Zi njiani, bwana wangu. Kwanza nadai haki yangu ya kuazima kitu kimoja cha jumbani. Naazima kilemba chako."

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari. Desturi ni desturi. Basi kilemba kikafunguliwa pole pole juu ya sinia.

Wakatoka kwanza chawa, wanono kama makadhi, wakaenda kwa safu iliyonyooka kuliko ya askari wa jumba. Ukunjo wa pili ukatoa mtama uliochipua, majani yake yamepauka kwa kukosa jua. Ukunjo wa tatu ulikuwa na kuvu, weusi kwa kijani, wamestawi kama zulia. Ulipofunguliwa ukunjo wa mwisho, mwanachuoni alikwisha kutoka nje.

"Na wale wasioonekana?" akauliza Sultani.

"Hawaonekani, bwana, lakini harufu yao imekwisha piga hodi."

"Uongo! Takataka hizi haziko hai!"

"Ziko hai, bwana wangu. Kula, wanakula, chakula chao ni wewe. Wanakua, na wanazaana bila kukuomba ruhusa. Taka zao unazivaa miaka yote hii. Na kupumua, wanapumua vizuri sana. Tulioshindwa kupumua ni sisi tulio barazani."

Waziri Nasibu akaziba pua kwa adabu, akijifanya anafuta machozi. Watu wakajiuma midomo wasicheke. Sultani, kipara chake kikimeremeta, akasema kwa unyonge, "Kibanda ni chako. Ondoka."

Mbaruku akainama, akalisukuma sinia miguuni pa Sultani.

"Naondoka, bwana. Ila nijulishe, hawa wakaaji wako nao wahame kufikia Ijumaa?"

Baraza likapasuka kwa kicheko, hata walinzi wakaangusha mikuki. Mwanamvua alikisikia kule kibandani, akalitandika upya jamvi lake.

Hekaya yangu imekomea hapo. Uliyeanza kujikuna kichwa, usinitazame mimi.