Sawazisha, Tena Shindilia

Wapendwa, palikuwa na baba mmoja. Jina lake silitaji, na ninyi msianze kugeuka na kutazamana. Baba huyu alirithi kilima chenye msitu mnene, na chini ya kilima, kwenye mteremko, alimkatia binti yake mkubwa kiwanja, naye akajenga hapo na mumewe.

Basi ikagundulika kwamba chini ya msitu ule kuna makaa ya mawe. Wachimbaji wakaja. Hawakuchimba kwa kupenya chini kama panya. Walikibandua kilima kutoka juu, kwanza miti, kisha udongo, kisha mwamba, mpaka wakayafikia makaa na kuyabeba yote. Yalipokwisha, likabaki shimo ambalo ukisimama ukingoni unaogopa kuvuta pumzi.

Makubaliano yalikuwa kwamba walifukie na msitu urudi. Wakalifukia. Siku ya mwisho dereva wa katapila akazima mashine, akamwita yule baba.

"Mzee, udongo nimeurudisha. Nikuachie hivi hivi na matuta yake, au nisawazishe?"

Ninyi mngemjibuje? Semeni kweli. Sisi ni watu wa kujenga. Sakafu nzuri kwetu ni ile iliyomwagiwa maji, ikasawazishwa, ikashindiliwa mpaka kisigino kikiigonga inalia. Yule baba naye akaupima msitu kwa kipimo cha sakafu.

"Sawazisha, kijana," akasema. "Tena shindilia. Huwezi kuniachia mahali kama pamepita nguruwe."

Katapila likaenda likarudi, likaenda likarudi, mpaka kilima kikang'aa. Watu walipanda kukitazama. Wakasema huyu mzee ana bahati, shimo limekuwa uwanja. Naye akasimama katikati akiwa amekunja mikono nyuma, akawaambia, "Yamekwisha. Tumeshasawazisha."

Mvua za kwanza akapanda miche ya mininga na misuku. Ikafa. Akapanda tena, na mchungaji wake akaja kuiombea. Ikafa na maombi yake. Mwaka wa tatu watu wakaanza kumtafuta mchawi, maana sisi tukishindwa kutazama chini huwa tunamtazama jirani.

Ndipo akaja bwana miti. Huyu hakuuliza habari za jirani. Alishika mche uliokauka, akaung'oa, akamwonyesha yule baba mizizi. Ilikuwa imejizungusha, imejisokota, imebanana katika umbo lilelile la shimo ulimopandwa. Haikutoka nje ya shimo hata kidogo.

"Mzee," akasema, "hapa hujapanda msitu. Umepanda miti ndani ya vyungu. Ardhi yako imeshindiliwa hadi imekuwa jiwe. Mzizi haupiti, na maji hayapiti."

"Sasa nifanyeje?"

"Ichanwe. Katapila lirudi na lile jino refu la nyuma, liichane chini kabisa, kisha uiache na mabonge yake ya udongo. Wenye mgodi wako tayari, wanangoja neno lako tu."

Yule baba akatazama uwanja wake. "Unaniambia niharibu kitu kilichokwisha kutengenezwa?"

"Hakijatengenezwa, mzee. Kimefunikwa."

Yule baba akasema atafikiri. Na kwa nini afikiri? Kwa sababu kitindamimba wake alikuwa anaoa, na harusi ilikuwa ifanyike palepale juu, na wageni walishaalikwa. Watu watasema nini wakikuta mabonge?

Wiki hiyohiyo binti yake akapanda kilima, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kusimama dede.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila mvua ya juzi maji yameshuka yakafika mlangoni. Zamani hayakuwa yakifika. Baba, nasikia bwana miti amesema juu huku kuchanwe. Nakuomba, pachanwe."

"Chimba mfereji nyuma ya nyumba, mwanangu. Harusi ikipita tutaona."

Akachimba mfereji. Mtu akiambiwa na baba yake achimbe mfereji, anachimba.

Mvua ikaja mchana, watu wakiwa mashambani. Kule juu haikunywewa na kitu, maana hapakuwa na jani wala mzizi wala ufa. Iliteleza kama maji juu ya bati, ikajikusanya, ikashuka yote kwa mkupuo mmoja. Binti alikuwa ametoka kuchuma mboga, mtoto amemlaza kitandani. Ukuta wa nyuma uliangukia ndani. Yule baba alikimbia kutoka kwake, akachimba kwa mikono, na ni yeye aliyemtoa mjukuu wake, akiwa amekwisha kufa.

Wakazika. Matanga yalipoanuliwa, wazee wakaja wakamketisha yule binti mkekani, baba yake kando.

Mkubwa wao akasema, "Mama, ni kazi ya Mungu. Baba yako ni baba yako. Tumekuja tusawazishe."

Binti akasema, "Wazee wangu, mnisamehe. Baba aseme hapa mbele yenu nilimwomba nini, na yeye alinijibu nini. Akisema hilo tu, nitampa mkono. Sitaki kingine."

Wote wakamtazama yule baba. Yeye akatazama mkeka. Mwishowe akasema, "Yaliyopita si ndwele."

Binti akainuka, akajifunga kanga yake, akatoka.

Na harusi? Ilifanyika palepale uwanjani. Ilipendeza kweli. Wageni walisifu jinsi palivyonyooka. Mtu mmoja tu hakuja, na mpaka leo hajakanyaga kwa baba yake.

Sasa, wapendwa, mnamsikitikia yule baba? Msimsikitikie sana. Sisi ndio mafundi wenyewe wa kazi ile. Binti wa watu anaharibiwa na mjomba wake, ukoo unakaa, mbuzi analiwa, tunasema tumeyasawazisha. Mjane anatolewa nyumbani kwa mumewe, tunamwambia avumilie, halafu tunakuja na maombi kupanda amani juu yake. Funika kombe mwanaharamu apite. Kisha tunashangaa. Mbona nyumba zetu zina sala lakini hazina upendo? Mbona watoto wetu wanaondoka na hawapigi hata simu? Tunakesha tukiombea miche, na ardhi tumeishindilia wenyewe.

Mnajua tunachoogopa? Tunaogopa mabonge. Ukweli ukichimbuliwa hauna sura nzuri. Udongo unakaa vibaya, mawe yanatokeza, wageni wanacheka. Na nisiwadanganye, hata ukichanwa leo, mti mkubwa hutauona kesho, na mtoto aliyezikwa harudi. Toba haifufui kila ilichoua. Lakini bila kuchana, hakuna kitakachoota hapo milele, na mvua haitaacha kunyesha eti kwa sababu sisi tumenyamaza. Itashuka. Na chini ya mteremko hatukai sisi wazee, wanakaa watoto wetu.

Katika ibada yetu, hapa ndipo huwa nawaambia mgeukiane mpeane mkono wa amani. Leo siwaambii. Humu ndani kuna mtu aliyemkosea mwenzake, na mwenzake huyo ameketi benchi chache tu kutoka kwake, na wiki nzima amekuwa akimngoja aseme neno moja la kweli. Mimi simtaji. Anajijua. Mlango ule wa pembeni uko wazi, na kule nje pana kivuli cha kutosha watu wawili. Mwite, mtoke, ukamwambie ulichomtendea, ukikiita kwa jina lake, bila kupunguza.

Mimi nakaa chini. Kwaya msiimbe. Tutawangoja.